Futeni Ule Mstari wa Katikati

Kimbunga kinapoikaribia Florida, huwa naifungua ramani ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, na kila mara jicho langu hukimbilia pale pale: kwenye mstari wa katikati. Naufuata hadi unapogusa pwani, na akili inahitimisha kwamba ndipo kitakapotua. Najua sivyo, lakini hata mimi ninayejua hulazimika kujikaza nisiuamini.

Habari yenyewe imo katika lile umbo linalouzunguka mstari huo, linaloanza jembamba na kupanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele, ambalo watabiri huliita koni. Upana wake hupimwa kwa makosa ya utabiri ya miaka 5 iliyotangulia, ili kitovu cha dhoruba kibaki ndani yake takribani mara 2 kati ya 3. Hiyo mara ya tatu hutoka nje. Na upana huo ni ule ule kwa kila kimbunga cha msimu mzima, modeli za kompyuta ziwe zinakubaliana au zinavutana. Tena koni inahusu kitovu peke yake. Upepo na maji hufika mbali zaidi.

Kimbunga Ian, cha Septemba 2022, ndicho kinachonifanya niandike haya. Siku chache kabla hakijafika, macho yote yalikuwa Tampa, mji wa pwani ya magharibi ya Florida, kwa kuwa mstari ulielekea huko. Kaunti ya Lee, iliyoko kusini zaidi, ilikuwa ukingoni mwa koni, lakini ndani yake. Amri ya kuhama ilitolewa huko asubuhi ya tarehe 27. Alasiri ya tarehe 28 kimbunga kilitua kisiwani Cayo Costa, katika kaunti hiyo hiyo, kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Fort Myers Beach, mji wa ufukweni katika kaunti hiyo, ilifunikwa na maji ya bahari yaliyopanda zaidi ya mita 3. Kule Tampa upepo uliyasukuma maji nje ya ghuba, watu wakaona matope ya chini. Zaidi ya watu 100 walikufa Florida, na Lee ndiyo iliyopoteza wengi kuliko kaunti nyingine yoyote.

Kinachouma ni kwamba kimbunga Charley mwaka 2004 kilifanya vivyo hivyo. Wengi walikitazamia Tampa. Kikapinda kulia, kikatua Cayo Costa hiyo hiyo.

Sababu kubwa ni umbo la pwani yenyewe. Kimbunga kikiijia pwani uso kwa uso, kosa la kilomita 50 katika njia yake ni kosa la kilomita 50 ufukweni. Lakini magharibi mwa Florida vimbunga vingi huja vikiambaa na pwani. Kikiikata kwa pembe ya nyuzi 20, kilomita 50 zile zile zinakuwa karibu 150. Kujipinda kidogo tu kunahamisha balaa kutoka mji mmoja hadi mwingine. Na kimbunga hakijiendeshi. Kinachukuliwa na mikondo mikubwa ya hewa inayokizunguka, ambayo nayo inabadilika huku kikisafiri.

Kwa hiyo siwalaumu watabiri. Tangu 1990 makosa yao ya siku 3 mbele yamepungua kwa zaidi ya nusu, na hiyo ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ninachokipinga ni namna tunavyoupokea utabiri. Tunauliza “kitatua wapi?” kana kwamba jibu ni nukta, kisha walio mbali na nukta wanapumua.

Wapo watakaosema kuhamisha watu bure kunawachosha, mwisho wataacha kusikiliza. Ni hoja nzito. Kimbunga Irma mwaka 2017 kilifanya mamilioni waamriwe kuhama, na njia iliyotabiriwa ikasogea kutoka upande wa Miami, mashariki, hadi magharibi. Hata hivyo, aliyehama na kurudi akaikuta nyumba nzima amepoteza siku kadhaa na fedha. Wale wa Fort Myers Beach waliosubiri mstari uwafikie hawakubaki na muda.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga hutoa pia ramani isiyo na mstari, koni tupu. Naomba vituo vya televisheni vionyeshe hiyo, na mtu aliye ukingoni aambiwe kwa sauti ile ile anayoambiwa aliye katikati.