Papa hana kosa

Wale mlioiona ile video ya sekunde 40, mmecheka mkamaliza? Haya, nisikilizeni na mimi. Rafiki yangu amekata mwanzo wote, akaanzia pale miguu yangu ilipokuwa juu. Huo si uungwana.

Tulikuwa tunazamia Maldivi, atoli ya Vaavu (duara la miamba ya matumbawe na visiwa), pale Miyaru Kandu. Miyaru kwa Kidivehi ni papa, kandu ni mlango wa maji kati ya miamba. Maji yakiwa yanaingia ndani ya atoli, papa wa mwamba hukaa mlangoni wakiukabili mkondo, nawe unawatazama kutoka ukingoni. Unanasa ndoano kwenye jiwe lililokufa, kamwe si kwenye tumbawe hai, unaachia kamba ya mita moja na nusu, unatia hewa kidogo kwenye jaketi la kuelea, unaelea kama tiara. Klipu ya kamba hufungwa kiunoni, katikati ya mwili. Mimi niliifunga kwenye pete ya bega kwa sababu ndiyo mkono ulikoishia. Hilo bega mlikumbuke.

Kina mita 27, hewa iliyobaki mtungini bar 120. Papa kumi na wawili mbele yangu, wametulia kwenye mkondo kama wanasubiri basi. Macho yote kwao. Chini ya tumbo langu, kwenye changarawe, kulikuwa na samaki aitwaye kikande.

Namsema yule mkubwa, anayefikia sentimita 75, mwenye meno ya kuvunjia matumbawe. Akiwa na mayai, eneo analolilinda ni kama faneli, jembamba chini, pana juu. Ukimkimbia kwa kupanda, bado uko kwake. Unaondoka kwa ubavu, ukiwa chini chini, mapezi uliyovaa miguuni yakimwelekea yeye. Haya yote nayajua. Hata huyo mwenye kamera nilimfundisha mimi, na shukrani yake mmeiona.

Basi bwana. Kwanza alisimamisha mwiba wa mgongoni. Akalala ubavu, akanikagua kwa jicho moja huku la pili likishughulika na mambo mengine. Kisha akaja. Nikasikia "kwa!" kwenye pezi la kushoto, kama droo imefungwa kwa hasira. Nikageuza kichwa nimwone.

Kwenye mkondo mkali kichwa hakigeuzwi, jamani! Maji yakapenya ukingoni mwa miwani, pua ikajaa. Mkondo ukakibonyeza kitufe cha regulata, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, hewa ikaanza kumwagika yenyewe. Mapovu kila upande. Sioni kikande, sioni papa, sioni heshima yangu. Na mkono, bila kuniuliza, ukajaza jaketi ili nipande. Kupanda! Ndani ya faneli!

Kamba ikagoma. Bega likabaki chini, miguu ikapaa, nikaanza kuzunguka kama shati lililobakiwa na kibanio kimoja. (Video inaanzia hapa.) Kikande akarudi. Kichwa changu sasa ndicho kilichokuwa karibu naye, lakini alipita kando ya sikio langu, akapanda hadi juu, akalifuata pezi lilelile. Papa mmoja aligeuka nusu, akaona hali ilivyo, akarudi kwenye nafasi yake.

Yaliyobaki ni mafupi. Kiongozi alinitoa hewa kwenye jaketi, akanasua ndoano, mkondo ukatubeba ndani ya atoli, boya likapanda, tukasimama kwa usalama dakika 3 kwenye mita 5, nikafika juu na bar 40.

Sasa, pezi lilikuwa la kukodi na lina pengo la nusu mwezi pembeni. Kwenye fomu ya kurudisha vifaa kuna mstari unaouliza sababu ya uharibifu. Nikaandika "papa", kwa herufi kubwa kabisa. Sikujua kwamba aliyepanga foleni nyuma yangu, kamera bado inalowa mkononi, alikuwa anasoma.