Salamu za Sheffield na Mkono Wangu wa Kushoto

Mtu aliyelelewa Tanga hawezi kuulizwa hali yake akajibu kwa neno moja na kwenda zake, kwa maana atahesabiwa kuwa amemdharau aliyemuuliza. Salamu kwetu ni safari yenye vituo: unaanza na shikamoo ikiwa aliye mbele yako amekuzidi umri, na akishaitikia marahaba unaulizwa habari za nyumbani, kisha za watoto, kisha za kazi, kisha za tangu juzi, na katika kila kituo jibu lako ni njema au salama, hata kama upepo wa jana usiku umeezua paa la nyumba yako. Ukweli una mahali pake, nao huja mwishoni, nyuma ya kineno kidogo cha "ila". Habari za nyumbani? Njema tu, ila tumefiwa na mjomba. Hapo ndipo mwenzako anapokitua chini kikapu chake na mazungumzo yenyewe yakaanza.

Nilikwenda Uingereza kusoma mwezi wa Septemba mwaka 2017, nikiwa na Kiingereza cha darasani, kile ambacho mwalimu akiingia wanafunzi wote husimama na kumwarifu kwa sauti ya kuimba kwamba wao ni wazima, wanamshukuru, na yeye je, kisha hukaa kwa pamoja. Tulifundishwa pia kwamba Mwingereza akikuambia "How do you do?" nawe unamrudishia maneno hayo hayo bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa nimejiandaa vizuri sana kwa swali hilo, na hakuna aliyeniuliza.

Sheffield ni mji wa kaskazini mwa England uliopata jina kwa visu na chuma cha pua, nao umejengwa juu ya vilima ambavyo mwenyeji huvipanda huku akiongea, naye mgeni huvipanda akihema. Watu wake ni wakarimu kwa salamu kuliko nilivyoonywa. Dereva wa basi, mlinzi wa maktaba, kijana anayepanga mikate dukani, wote waliniuliza swali moja kuanzia asubuhi hadi jioni: "You all right?" Sasa, katika Kiingereza nilichofundishwa mimi, mtu huulizwa kama yuko sawa pale anapoonekana kwamba hayuko sawa. Jioni za mwanzo nilikuwa nikirudi chumbani na kujitazama kwenye kioo, nikivuta kope la chini kukagua kama macho yamekuwa ya njano, kwani haiwezekani mji mzima ukukosee. Wapo pia waliokuwa wakinisalimu kwa kusema "Now then", yaani "Sasa basi", hayo tu, bila kufuatisha chochote, na mara ya kwanza nilibaki nimesimama kando ya njia kwa adabu, nikisubiri sehemu ya pili ya sentensi.

Baada ya kujiridhisha kwamba siumwi, nilifikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye malezi angeufikia: ikiwa watu hawa wamejitolea kuniuliza hali yangu kwa wingi kiasi hicho, basi wanastahili kujibiwa ipasavyo. Na ndivyo nilivyofanya siku ile ndani ya lifti.

Lifti hiyo inahitaji maelezo. Katika jengo refu la chuo kikuu liitwalo Arts Tower, lililokamilika katika miaka ya 1960, kuna lifti ambayo haisimami. Haina milango wala vitufe. Ni msururu wa vyumba vidogo 38, kila kimoja kikitosha watu wawili, vinavyopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili mchana kutwa, taratibu lakini bila kungoja mtu, nawe unakivizia chumba kinachokuja, unaingia kwa hatua moja ya uhakika, na ukifika ghorofa yako unatoka kwa hatua nyingine ya uhakika. Lifti ya namna hii huitwa paternoster, yaani maneno ya kwanza ya sala ya Baba Yetu kwa Kilatini, na mimi kila nilipoipanda niliona jina hilo limetolewa na mtu aliyewahi kuipanda.

Niliingia humo na mzee mmoja mwenye koti la kijani na mkoba wa ngozi uliochakaa, ambaye hadi leo sijui alikuwa akifundisha somo gani. Chumba kiliponyanyuka alinitazama, akatabasamu, akasema, "You all right?" Nikamshukuru kwa kuuliza. Nikamweleza kwamba mimi kwa ujumla ni mzima, ila chumba changu kina baridi kwa sababu bomba la kupashia joto linatoa mlio mwingi kuliko joto. Kwamba benki imekataa kunifungulia akaunti hadi nilete barua ya kuthibitisha ninapoishi, ilhali barua ya kuthibitisha ninapoishi inatoka benki. Na kwamba goti la mama yangu huko Tanga limeanza tena kumsumbua, ingawa safari hii ni la kulia. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Ghorofa zilikuwa zikipita mbele yetu moja baada ya nyingine, na nilimwona akinyanyua mguu mara moja, akaushusha. Akaunyanyua tena, akaushusha. Ustaarabu wa Kiingereza ulimkataza kunikatiza, na ustaarabu wa Tanga ulinikataza kunyamaza kabla sijamaliza, kwa hiyo tulipita ghorofa yake sote wawili tukiwa na heshima zetu kamili.

Ghorofa ya mwisho nayo ikapita. Wanafunzi walikuwa wameniambia kwamba asiyeshuka hapo hupinduliwa kichwa chini, jambo ambalo si kweli: chumba huingia gizani, hutikisika, husogea pembeni huku minyororo mikubwa ikinguruma karibu kabisa na sikio, kisha huanza kushuka upande wa pili kama kawaida. Ni humo gizani nilipokumbuka kwamba nimezungumza habari zangu tu, jambo lisilopendeza, nikamuuliza mzee habari za nyumbani kwake. Kimya kikapita. Sauti ikajibu kutoka kwenye kona, "Fine, thanks." Mwanga uliporudi aliruka kwenye ghorofa ya kwanza iliyojitokeza, ambayo sidhani kama ilikuwa yake.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, bibi wa makamo ya juu aliyezaliwa hapo hapo Sheffield, alipokisikia kisa hiki alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaketi nami mezani jikoni na kunifundisha majibu ya watu wazima. Lipo "Not too bad", yaani si vibaya sana, ambalo hutumika siku zote. Lipo "Can't complain", yaani siwezi kulalamika, ambalo hutumika mambo yakienda vizuri. Na lipo "Mustn't grumble", yaani haifai kunung'unika, ambalo hutumika mambo yakienda vibaya. Yote matatu hufuatiwa na kumrudishia mwenzako swali, kisha neno moja kuhusu hali ya hewa, na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba miguu haisimami. Ukisimama tu, alisema, watu watadhani una shida.

Mwanafunzi mwenzangu wa isimu alinipa moyo kwa kunieleza kwamba mambo haya yana wataalamu wake, na kwamba mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika mwaka 1923 kuwa yako maneno ambayo watu hawayatumii kupashana habari bali kuunganishana tu, ili ukimya usiwatie hofu. Malinowski alikuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki. Nauli ya basi la Sheffield ingemtosha.

Basi nilijifunza. Nilijifunza kwa bidii ya mtu anayesomeshwa na ukoo. Nilikuwa nikiteremka mlimani kutoka mtaa wa Crookes kwenda darasani nikifanya mazoezi kwa kila niliyekutana naye, na ilipofika Januari nilikuwa na uwezo wa kuulizwa, kujibu, kumrudishia mwenzangu swali na kulaani mvua, yote katika hatua nne, bila kugeuza shingo. Dereva wa basi alinijibu "Cheers, pal". Mlinzi wa maktaba alianza kunisalimu yeye wa kwanza. Jibu lilikuwa limehama kichwani na kukaa kwenye ulimi, likawa linatoka lenyewe kabla sijajua nimeulizwa nini.

Mwishoni mwa Februari mwaka 2018 ikaja baridi kali kutoka upande wa Siberia, ikaifunika Uingereza kwa theluji hadi treni zikasimama na shule zikafungwa. Magazeti yaliipa jina la Mnyama kutoka Mashariki, na nilipokiona kichwa hicho cha habari kwa mara ya kwanza, mimi niliyetoka Afrika Mashariki, moyo ulinidunda, nikidhani mzee wa lifti ameamua kulifikisha suala letu mbele.

Asubuhi moja ya majira hayo nilikuwa nikishuka kilima cha Crookes. Theluji ya jana yake ilikuwa imekanyagwa na watu mchana, ikaganda usiku, na juu yake ikaanguka nyingine mpya ya kuificha. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya kuendea harusini, kwa kuwa ndivyo viatu vyangu vya thamani na niliona hali ile inastahili viatu vya thamani. Mguu wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukaufuata ukiwa hewani, nami nikajikinga kwa mkono wa kushoto, ambao ulitoa sauti ndogo kavu. Nikajikuta nimekaa katikati ya njia, miguu imenyooka mbele, kofia iko mita kadhaa chini ikiendelea na safari.

Hapo akatokea mwanamke mmoja na mbwa wake, wote wawili wamevaa makoti. Akasimama. Narudia: alisimama, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimefundishwa kwamba halifanyiki. Akainama kidogo, akaniuliza kwa sauti ya huruma, "You all right, love?"

"Not too bad, thank you," nikasema. "Yourself?"

Alisitasita. Nadhani naye ulimi wake ulimtangulia, kwani alijibu, "Oh, can't complain. Bit nippy."

"Bit nippy," nikakubali kwamba kuna kijibaridi.

Akanitakia siku njema na kuendelea na safari yake. Sikumlaumu na simlaumu hadi leo. Jibu langu lilikuwa halina kasoro, lahaja imekaa sawa, na mtu aliyeketi barafuni akikuambia kwa utulivu kwamba si vibaya sana, una haki ya kuamini kwamba ameketi kwa hiari. Mbwa ndiye aliyetia shaka. Aligoma kuondoka, akanikodolea macho, akautazama mkono wangu, hadi kamba ikamvuta.

Nilirudi nyumbani kwa kushikilia kuta za watu. Mama mwenye nyumba alinifungulia mlango, akaniuliza nilivyo, nikamwambia "Not too bad", naye akaridhika na kurudi jikoni. Ni pale niliposhindwa kuvua koti ndipo alipougundua mkono uliokuwa umevimba kuanzia kwenye kifundo na kugeuka rangi. Jirani mwenye gari linaloweza theluji alitufikisha hospitali, ambako watu walikuwa wamejaa kwenye viti, kila mmoja akiwa amekumbatia kiungo chake.

Muuguzi wa mapokezi aliniita, akachukua kalamu, akaniuliza hali yangu leo. Kwa kuwa mambo yalikuwa yakienda vibaya, nilichagua lile jibu la mambo yanapokwenda vibaya.

"Mustn't grumble," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Mpenzi," akaniambia, "hapa ndipo mahali pa kunung'unika. Tumejengewa kwa ajili hiyo." Kisha akataka nipime maumivu yangu kuanzia sifuri hadi kumi. Nikamuuliza, kwa kuwa sikupenda kukosea tena, watu wengi hujibu ngapi. Akautazama mkono, akanitazama mimi, akageuka kumtazama mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo, nikafungwa plasta ngumu, ile ambayo mitaani kwetu huitwa hogo, na usiku nikampigia mama simu kwa mkono uliobaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Njema."

"Za masomo?"

"Njema tu, ila nimevunjika mkono."

Pole zilikuwa nyingi, na maswali yakafuata, nami nikamsimulia kisa chote toka viatu vya harusi hadi mbwa, naye alinisikiliza bila kunikatiza, kwa kuwa ndiye aliyenilea. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, akifikiri.

"Huyo mama aliyepita," akaniuliza, "wewe ulimuuliza hali yake?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Alisema hajambo."

"Alhamdulillahi," akasema mama.