Boti hazivutwi na mnyororo

Kuna makala ambayo mwandishi wake anasema boti za "it's a small world", safari ya boti ya kujiburudisha kule Disneyland, bustani ya burudani huko California, huvutwa na mnyororo chini ya maji. Sivyo. Zinaelea zenyewe, pampu husukuma maji kwa nguvu kupitia matundu yaliyomo mferejini, na mkondo huo ndio unaozibeba. Kampuni ya Arrow Development ilishiriki kuutengeneza mfumo huu kwa Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964, na mwaka 1966 ukafunguliwa California. Ndiyo maana foleni husonga upesi: boti hufuatana mfululizo.

Shida ni uzito. Watu wazima wakijazana upande mmoja boti huinama, ubavu unakwaruza ukuta, mwendo unapungua na ya nyuma inakuja kuigonga. Ule mtikisiko mdogo mnaousikia karibu na kituo cha kushukia ndio huo. Maji yakipungua kina, tumbo la boti linagusa sakafu na safari inakwama.

Kwa hiyo mhudumu akikwambia uhamie safu nyingine, tafadhali hama. Mtoto mdogo mketishe katikati, si ukingoni, maana vidole vikining'inia nje ndivyo vinavyobanwa boti zikigongana.