Majimbo ya kusini mwa Marekani yalijitenga kwa sababu gani hasa?
Mnaosema Rais Lincoln alikuwa dikteta aliyezinyima majimbo ya kusini haki ya kujitenga, nusu nawaelewa. Chini yake watu waliwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, na tangazo lake la 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuwagusa watumwa wa Kentucky, jimbo ambalo halikujitenga. Hayo sibishi. Lakini someni tamko la kujitenga la South Carolina, jimbo la kwanza kujitoa, la Desemba 1860, Lincoln hata hajaapishwa. Wanalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka! Yaani haki za majimbo ni tamu zikiwa zao tu. Na wale watumwa zaidi ya milioni 3 huko kusini, nani aliwauliza kama wanataka kujitenga? South Carolina kwenyewe walikuwa wengi kuliko watu huru.