Mnara wa Hatteras: uhamishwe au bahari izuiwe?

Mnara wa taa wa Cape Hatteras, jimbo la North Carolina, Marekani, ulipowashwa mwaka 1870, bahari ilikuwa zaidi ya mita 450 kutoka uliposimama wakati huo. Kufika 1970 zilibaki pungufu ya mita 40. Siyo kwamba mafundi walikosea vipimo. Kisiwa chenyewe ni mkanda wa mchanga, na mkanda wa namna hiyo hautulii: mawimbi huuchota upande wa bahari kuu, dhoruba huumwaga upande wa pili, na kisiwa kizima hurudi nyuma kuelekea bara. Aliyejenga juu yake ndiye asiyeweza kurudi nacho.

Wananchi hawakukaa wakitazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliundwa kamati ya kuuokoa mnara, ikachangisha fedha, na ndani yake wakakutana Gavana Jim Hunt na Seneta Jesse Helms, watu wa vyama viwili ambao mwaka 1984 wangechuana kuwania kiti kimoja cha Seneti. Kukawekwa chini ya maji majani bandia ya plastiki, kwa matumaini kwamba yatapunguza kasi ya mawimbi na kunasa mchanga. Tayari palikuwa na kuta tatu zilizotoka ufukweni kuingia majini, zilizojengwa na Jeshi la Wanamaji kulinda kituo chake kilichokuwa jirani.

Mwaka 1988 Baraza la Taifa la Utafiti likapendekeza jambo ambalo wengi waliliona la kichaa: mnara wote, matofali zaidi ya milioni moja, uinuliwe mzimamzima na kusogezwa bara. Mabishano yakachukua miaka kumi.

Waliopinga hawakuwa wakaidi tu, ingawa ndivyo walivyochorwa. Waliogopa mnara utapasuka njiani, na hofu hiyo ilikuwa na mantiki, maana huo ndio mnara wa taa wa matofali mrefu kuliko yote Marekani. Waliona pia kwamba ukiondolewa mahali ulipowekwa, historia yake imekatwa nusu. Lakini hoja yao nzito, ile ambayo watu wa mjini waliipita haraka, ilihusu Buxton, kijiji kilicho jirani na mnara. Mnara ukiwa ufukweni, serikali ina sababu ya kuulinda ufukwe ule, na nyumba za jirani zinanufaika. Ukishaondoka, nani atakumbuka kuleta mawe? Ndiyo maana walitaka ukuta wa nne. Kikwazo ni kwamba tangu 1985 kanuni za jimbo lile zilizuia ujenzi wa kuta ngumu kwenye fukwe za bahari kuu. Hata kesi iliyofunguliwa kuzuia kazi haikufua dafu.

Kwa siku 23, kati ya Juni na Julai 1999, mnara ulisukumwa kwa jeki juu ya reli za chuma zilizopakwa sabuni (ndiyo, sabuni), mita 880 na ushei, ukiwa wima. Haukupasuka. Kazi nzima iligharimu takriban dola milioni 12.

Wahandisi walishinda kwenye suala la nyufa. Suala la jirani lilibaki palepale. Katika kisiwa hichohicho, huko Rodanthe, nyumba zaidi ya kumi zimeangukia baharini tangu 2020. Mnara haukusababisha hayo, lakini yanaonyesha kwamba kuhamisha alama moja maarufu si mpango wa kuhamisha watu.

Hata hivyo, ukuta wa nne nisingeuunga mkono. Ukuta wa aina hiyo hauzalishi mchanga. Unaukamata uliokuwa safarini kwenda kwa mwingine. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kusimuliwa sana. Upepo wa kusi unapovuma, mchanga wa Kunduchi husogea kuelekea kaskazini. Hoteli zilizojenga kuta za mawe kuingia majini zilijipatia ufukwe upande wa kusini wa kuta zao, na wa kaskazini wakabaki wakiliwa. Wakati huohuo mito kama Tegeta na Mbezi, inayoleta mchanga mpya pwani, ikawa inachimbwa mchanga wa ujenzi. Hoteli ya Africana iliachwa baada ya ufukwe wake kuliwa. Leo wengi wanalijua jina hilo kama kituo cha daladala.

Lakini uamuzi wa Hatteras hauigiki kirahisi. Kule, nyuma ya mnara palikuwa na ardhi ya hifadhi ya taifa: hakuna wa kulipwa fidia, hakuna hati ya kubishania. Nyuma ya ufukwe wa Kunduchi ni kiwanja juu ya kiwanja, na mvuvi huwezi kumwambia ahamishie diko lake ng'ambo ya Barabara ya Bagamoyo. Kando ya Barabara ya Barack Obama, yenye Ikulu na hospitali ya saratani ya Ocean Road, ulijengwa ukuta uliozinduliwa 2018 kwa msaada wa mfuko wa kimataifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Hapo ningeuunga mkono, kwa kuwa pa kurudi nyuma hapakuwapo.

Kwa hiyo kampeni ya kuokoa soko la samaki, hoteli au msikiti wa ufukweni ikinijia na karatasi ya kutia saini, nitauliza kwanza mchanga utatoka wapi na nani anakaa kaskazini. Kampeni nyingi huomba mawe. Dai la kudhibiti uchimbaji wa mchanga mitoni ni la bei nafuu zaidi, na halimwibii jirani kitu. Lakini dai hilo halina jiwe la msingi la kuwekwa na kiongozi, na malori yanayobeba mchanga huo yanapeleka kwenye majengo yetu wenyewe, huenda yakiwamo ya hao wanaotia saini.