Digrii ya kriminolojia Kenya: inafungua mlango upi?

Wengi wanaojaza kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwenye fomu za vyuo wanawaza polisi, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Konstebo huhitaji D+ ya KCSE, afya njema na miguu ya kukimbia. Siku ya usajili, aliyekaa chuoni miaka 4 hukaguliwa meno kwenye foleni moja na aliyemaliza kidato cha nne juzi. Hata akiingia, digrii si dhamana ya mshahara: mwaka 2018 polisi wenye digrii walipunguziwa mishahara, kesi ikafika mahakamani.

Milango mingine ina wenyewe. Kuendesha mashtaka ni kazi ya mawakili, yaani shahada ya sheria kisha Kenya School of Law. Maabara ya uchunguzi hutaka kemia na biolojia. Kampuni za ulinzi nazo mara nyingi huwapa vyeo wanajeshi wastaafu.

Basi kozi haina maana? Ina, ila watetezi wake huisifia pasipostahili. Nguvu yake iko probesheni, idara inayowasimamia wakosaji nje ya gereza na kuiandikia mahakama ripoti juu yao. Mtu akipatikana na hatia, hakimu anaweza kuagiza ripoti kabla ya kutoa hukumu. Afisa humhoji mshtakiwa, halafu hufunga safari hadi kwao: azungumze na familia, chifu, mwajiri na, muhimu zaidi, mlalamishi. Ripoti iliyojaa maneno ya mama mzazi bila neno la aliyeibiwa haimsaidii hakimu. Akiagiza irudiwe, kesi huahirishwa na mtu anazidi kusota rumande. Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, kifungo kisichozidi miaka 3 kinaweza kugeuzwa kuwa kazi ya umma. Karatasi hizo chache ndizo huelekeza uamuzi huo, na kuziandika ni ufundi unaofundishika darasani.

Kikwazo ni kwamba nafasi ni chache, na wahitimu wa sosholojia na saikolojia huzigombea pia. Kwa hiyo kagua orodha ya masomo kabla ya kulipa karo: kuna takwimu, saikolojia, mbinu za mahojiano, sheria ya ushahidi? Kama imejaa usimamizi wa walinzi tu, stashahada ingetosha, tena kwa karo nafuu. Na mafunzo ya kazini yaombe ofisi ya probesheni. Kituo cha polisi unaweza kushinda kaunta ukitazama wengine wakijaza OB, kitabu cha kuandikia matukio.