Nusu Kijiko cha Chumvi

Jirani yangu hapa Ujiji kila akimkuta mkewe na simu husema, "Haya, bunge limeanza." Wanaume wengi wa Kigoma wanalitazama hivyo kundi la WhatsApp la akina mama: bando linateketea, mboga inaungua, siri za nyumba zinatembea hadi Kibondo. Hawakosi hoja. Nimewahi kusikia sokoni habari za ndoa ya mtu nisiyemjua hata sura, na zilianzia kundini.

Lakini mimi nimo katika kundi kama hilo, na wengi wetu hatujawahi kuonana. Asubuhi ni "Mwakeye", salamu ya Kiha, kisha maswali: ada, mkaa umepanda, mtoto hataki kula. Usiku mmoja wa Julai mwenzetu wa Kasulu aliandika kwamba baridi imezidi, kichanga kinalia, ameingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Ilikuwa saa tano na kitu. Papo hapo watatu wakamjibu: toa jiko, fungua dirisha, hewa ya mkaa haina harufu na humuua mtu usingizini. Mmoja akampigia kabisa, akabaki hewani mpaka aliposikia mlango unafunguliwa. Mumewe alikuwa safarini, mama yake alishafariki. Hiyo ndiyo kazi ya shangazi, ila shangazi siku hizi yuko mbali, nauli ya kumfuata nayo ni hela.

Au chukua dagaa. Mtu aliuliza kwa nini dagaa wake wananuka kabla hata wiki mbili hazijaisha. Aliyejibu ni mama anayeanika Katonga, kwenye mwalo wa hapa Kigoma: mvua zikianza, walioanikwa mchangani wanabaki na unyevu; tafuta wa chanja, walioanikwa juu bila kugusa mchanga, na ukifika nyumbani waanike tena kabla ya kuwafungia kwenye ndoo. Akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde tatu, hauna neno, ni mlio tu wa dagaa mkavu akikatika. Ukimkunja asikatike, hajakauka.

Sasa hoja ya wanaokosoa, na hapa sitanii. Mkoa huu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kilizuka Kagunga, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wamejazana ufukweni. Basi siku moja kundini ikaingia dawa ya kuhara: lita 1 ya maji, nusu kijiko cha sukari, vijiko 6 vya chumvi. Kinyume kabisa. Sahihi ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu ya chumvi, vyote vya kusawazisha. Nilikaa na namba hizo nikapiga hesabu. Kijiko cha chai cha chumvi ni kama gramu 6, kwa hiyo sita vinafika gramu 36 hivi, na lita ya maji ya bahari ina kama 35. Watu wa ziwa la maji matamu tungekuwa tunamnywesha mtoto bahari! Maji aliyobakiza mwilini yangezidi kuvutwa.

Muuguzi aliyemo akasahihisha, akasema hata hivyo pakiti ya zahanati, ile ya ORS ya kuchanganya na maji, ndiyo ya kwanza. Kilichonisumbua ni jibu la aliyetuma: "Nimeletewa hivyo hivyo." Juu ya ujumbe palikuwa na alama ya kusambazwa mara nyingi. WhatsApp tangu 2020 huzuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe zaidi ya soga moja kwa mara moja, na bado ulitufikia. Mama wa Katonga ukimbishia, anakueleza anaanikaje, jua gani, saa ngapi. Ujumbe huu wa kuletewa, ungembishia nani? Wanaotaka akina mama watoke makundini wanawafukuza wenye chanja pamoja na wanaosambaza tu walicholetewa.

Kwetu siku hizi mtu akituma dawa, admini hujibu kwa swali moja: "Yako au umeletewa?" Wengi hufuta.